Baba Alipoomba kwa Mdomo Wake

Baba yangu alishika usukani wa lori akiwa na mvi pembeni mwa masikio. Hadi leo nikiona lori la mzigo likipanda kilima polepole, moyo wangu husimama kidogo, kama mtu aliyepita nje ya kanisa akasikia kwaya inaanza.

Alikuwa mtu wa ng'ombe. Alizaliwa katika vilima vya Keza, wilayani Ngara, kwenye ukoo ambao mtoto hujua majina ya ng'ombe kabla ya kujua majina ya shangazi zake. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zetu zikapangwa kando ya barabara kama wanafunzi kwenye gwaride, malisho yakabaki mbali huko juu. Mwaka hadi mwaka ng'ombe wetu wakapungua, hawa kwa ugonjwa wa ndigana, wale kwa kuuzwa, mpaka likabaki zizi lenye samadi kavu na ukimya. Ndipo baba akaenda Ngara mjini, akapata kazi ya ulinzi katika yadi ya shirika moja la usafirishaji.

Malori yalirudi safari yamejaa matope hadi milangoni. Madereva waliochoka walimtupia funguo, wakamwambia ayapange. Kwa hiyo baba alijua kurudi nyuma kabla ya kujua kwenda mbele. Dereva mmoja mwenye moyo mzuri akamchukua siku za Jumapili, akamfundisha barabarani, baba akafanya mtihani akafaulu. Kisha akarudi getini na rungu lake, leseni ikiwa mfukoni, kwa sababu hakuna aliyemwita.

Vita ndivyo vilivyomwita. Majeshi ya adui yalipovuka mpaka huko kaskazini mwa mkoa wetu, serikali iliyachukua malori pamoja na madereva wake. Yadini likabaki lori moja zee, lenye pua ndefu na taa zilizoachana kama macho ya chura. Meneja alitoka ofisini, akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwona mlinzi.

"Mzee, wewe si una leseni?"

"Ninayo, Ndugu Meneja."

"Basi weka rungu chini."

Siku alipopita kijijini kwetu na lori lile kwa mara ya kwanza, tulisikia kwanza ardhi. Mama alikuwa anapalilia migomba, akainua kichwa. Halafu kilima cha pili kikatoa sauti, kikameza sauti, kikaitoa tena, na lori likajitokeza juu ya mgongo wa barabara, limebeba anga nzima nyuma yake. Watu walikimbilia barabarani. Na kule juu, nyuma ya kioo chenye vumbi, alikuwamo baba, yule yule aliyekuwa akitembea nyuma ya ng'ombe mkono ukiwa mgongoni. Uso wake haukucheka. Alikuwa anaangalia mbele kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Mama alijifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena, na mikono ilikuwa imekwisha kuwa mikavu.

Sasa, jambo lililotunyima usingizi nyumbani halikuwa lori wala vita. Shirika lilikuwa na madereva wa aina mbili. Wapo wa muda, ambao siku wakiambiwa kazi imekwisha, imekwisha. Wapo wa kudumu, ambao wakistaafu hupata pensheni mpaka kufa. Kustaafu kulikuwa ukifikisha miaka hamsini na mitano, na ili upate pensheni ilikupasa uwe umetumikia miaka kumi kamili. Baba alikuwa dereva wa muda. Kwa cheti chake cha ubatizo, angetimiza arobaini na mitano Pasaka iliyokuwa inakuja. Ikipita Pasaka hajaandikwa, mlango umefungwa. Angeendesha lori mpaka macho yafe, kisha arudi kwenye zizi tupu.

"Nenda ukaombe," mama alimwambia. Alimwambia jikoni, akamwambia shambani, akamwambia wakiwa njiani kutoka misa.

"Naomba vipi?"

"Kwa mdomo! Mungu alikupa wa nini, wa kunywea tu?"

"Ng'ombe haombwi kwa mdomo," baba akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo, kama kawaida.

Kwa asiyetujua, nieleze. Zamani kwetu mtu aliyetaka ng'ombe alikwenda kumtumikia mwenye ng'ombe. Alimkatia miti ya zizi, alimchungia, alimbebea mizigo. Siku za mapumziko alipeleka pombe, akakaa uani kwa mkubwa huyo, akanyamaza. Mkubwa alijua. Watu wote waliokaa pale walijua. Lakini yeye hasemi, kwa sababu aliyeomba kwa mdomo amejifanya ombaomba, na ombaomba hupewa chakula, hapewi ng'ombe. Siku moja mkubwa husimama, huonyesha mtamba kwa fimbo, husema: yule wako. Hapo ndipo mtu hupiga magoti, akashukuru mbele ya mashahidi, na shukrani ile humfuata mpaka kaburini. Huko ndiko kugabiwa. Babu yangu aligabiwa ng'ombe wake wa kwanza hivyo, na baba aliposikia habari za pensheni, kitu utakachopewa uzeeni kwa sababu ulitumikia vizuri, alikielewa mara moja. Alikielewa kuliko karani wa shirika. Ila alikielewa kwa namna yake.

Mwezi ule wa Novemba nilikuwa nyumbani kwa ajili ya malaria. Nilipopona ilinipasa nirudi shule ya bweni Biharamulo, na mabasi hayakuwapo, nayo yamekwenda vitani. Baba alikuwa amepewa safari ya kupeleka ng'ombe kwa ajili ya chakula cha askari. Vijiji vilikuwa vimechanga. Akanipakia mbele, katikati yake na utingo, Msukuma mmoja mtu mzima mwenye wajukuu, aliyehamia Biharamulo kutoka upande wa Shinyanga na ambaye alikuwa hajawahi kukaa kimya tangu azaliwe.

Tulipakia Keza, tukapakia Kibimba. Watu walileta ng'ombe wa pembe ndefu, wazuri kama kitu cha kuota. Mzee mmoja alimpandisha fahali wake kwa mkono, akamnong'oneza sikioni, akashuka bila kugeuka. Baba alizunguka lori akimgusa kila mnyama. Wakubwa aliwaelekeza kichwa mbele, wadogo nyuma, wasioelewana akawatenganisha.

"Mzee," utingo akasema, "hawa wanakwenda kuliwa. Unawapangia viti kama wageni wa arusi."

"Ni wageni."

"Nyinyi watu wa Ngara mnafuga pembe tu. Ng'ombe mmoja, pembe kilo mia, nyama kidole! Kwetu tunafuga ng'ombe."

"Kwenu mnafuga makundi kama siafu," baba akasema, akiwasha injini. "Hakuna anayejua hata mmoja kwa jina."

"Jina la nini? Nitamwandikia barua?"

Tulikwenda tukicheka, na nchi ikafunguka mbele yetu. Sikuwahi kuiona kutoka juu namna ile. Vilima vilikuja kimoja baada ya kingine, vya kijani, vya samawati, na vya mwisho kabisa rangi isiyo na jina, na barabara nyekundu ikapita juu ya migongo yao yote. Nilifikiri: haya yote yalikuwapo, na mimi nilikuwa chini nikitafuta kuni. Malori ya jeshi yalitupita, askari wamesimama nyuma wakiimba, na nyimbo zao zilibaki hewani baada ya vumbi kutulia.

Mvua ikatukuta kwenye mteremko mrefu kabla ya nchi kuanza kulala tambarare kuelekea Biharamulo. Udongo ule ukilowa huwa kama sabuni. Kushoto kulikuwa na ukuta wa mlima. Kulia hakukuwa na kitu, ila vilele vya miti iliyoota chini sana. Lori likaanza kuteleza upande wake wa nyuma, taratibu, likielekea kule kusiko na kitu, na ng'ombe wakahisi. Nikasikia kwato zikigonga mbao, pembe zikigongana, mzigo wote ukihamia upande mmoja. Lori likainama.

Utingo alikuwa amekwisha kuruka nje na gogo lake la kuzuia gurudumu. "Breki, mzee! Breki!" 

Baba hakukanyaga breki. Angekanyaga, ng'ombe wote wangeanguka mbele, na lori lingekwenda nao. Aliacha gia namba moja ishikilie. Akateremsha kioo, mvua ikampiga usoni. Kisha akafanya kitu kilichonifanya nidhani vita vimemtia wazimu: akaanza kusifu.

Kwetu ng'ombe husifiwa. Kila mmoja ana maneno yake, na mchungaji mzuri huyatunga mwenyewe, huyasema jioni wanapoingia zizini, kwa sauti ndefu isiyo wimbo wala mazungumzo. Baba alikuwa hajasifu tangu zizi letu libaki tupu. Wale hakuwajua, kwa hiyo aliwatungia pale pale, usukani mikononi, kwa lugha ya nyumbani ambayo hapa naiweka kwa Kiswahili na najua inapoteza umande wake:

"Tulia, wewe uliyekunywa mto ukaacha mchanga. Tulia, wewe ambaye pembe zako zimeshona mawingu mawili. Nyumba yenu leo ina magurudumu, na mchungaji wenu amekaa ndani ya kichwa cha mnyama. Mnyama huyu hajui kutafuna nyasi, lakini anajua njia. Tulia, binti wa kilima, tulia."

Kwato zikapungua. Kwanza fahali wa yule mzee akanyamaza, halafu wengine, mmoja mmoja. Nilihisi uzito ukirudi katikati, kama mtu anayehama kitandani akapata mahali pake. Lori likanyooka. Gurudumu likashika kokoto, na tukateremka, hatua kwa hatua, sauti ya baba ikiwa mbele yetu, injini chini yetu, na mvua juu ya kila kitu. Nilikuwa nimeshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Sikuwa na hofu tena. Kilichokuwa kifuani mwangu kilikuwa kikubwa kuliko hofu, na sikujua nikiweke wapi.

Kule chini utingo alipanda, amelowa chapachapa, gogo begani. Alikaa. Tulifika karibu na Nyarubungo ndipo akafungua mdomo.

"Mzee, yale maneno. Na ng'ombe wa Kisukuma wanayaelewa?"

"Wajaribu kwanza kuwa na majina," baba akamjibu.

Habari za mteremko ule zilifika yadini, maana utingo hakuweza kukaa na neno zaidi ya siku moja. Nilipokuja likizo ya Desemba, baba alinichukua, tukaenda nyumbani kwa meneja siku ya Jumapili. Nilibeba kichwani kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mama alikuwa ameitengeneza mwenyewe, ndizi zilizoiva vizuri, mtama uliokaangwa sawasawa. Haikuwa mara ya kwanza. Jumapili kadhaa zilizopita baba alikuwa amekwenda kukaa barazani pale, akiwa na koti lake, akinyamaza, na meneja alidhani amekuja kupumzika tu. Sasa baba aliona wakati umetimia. Amepeleka ng'ombe salama, watu wote wamesikia. Kilichobaki ni mkubwa kusimama na fimbo yake.

Meneja alikuwa mtu wa kusini, mwembamba, mwenye suti ya Chou En-lai iliyopigwa pasi. Mkali kwa wezi wa mafuta, mkali kwa wachelewaji, na hakuwahi kusikika kwamba amekula cha mtu.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, binti. Karibuni. Hiki nini?"

"Rubisi, Ndugu Meneja," baba akasema.

"Ya nini?"

Baba akanyamaza. Alinyamaza vizuri, kwa heshima, macho yakiwa chini, mikono magotini, kama babu alivyonyamaza uani kwa mwenye ng'ombe. Meneja alimtazama. Alikitazama kibuyu. Niliona uso wake ukibadilika pole pole, na nikatamani ardhi ya barazani inipokee.

"Kuna kitu unataka kwangu?"

Kimya.

"Mzee, unanihonga? Mimi? Wenzetu wanakufa vitani, wewe unanihonga pombe, na mtoto umemleta aone?"

"Sivyo, Ndugu..."

"Ichukue. Kesho asubuhi njoo ofisini na funguo za lori."

Tulirudi na kibuyu chetu. Nyumbani mama alisikiliza, akakaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Umeona? Ulikuwa huna pensheni. Sasa huna pensheni na huna lori."

Baba akachukua kibuyu akawapelekea majirani. Akakaa kwenye lango la zizi tupu mpaka jua likazama, akijikuna kidevu. Asubuhi aliniita kabla sijanawa uso.

"Vaa viatu. Mambo mengine yanataka shahidi."

Pale ofisini karani aliniuliza mimi nani. Baba akamwambia: "Shahidi wangu." Karani akacheka, akatuingiza. Baba aliweka funguo mezani. Meneja akazitazama, asiziguse.

"Eleza," akasema.

Nimeona watu wakifanya mambo makubwa. Nimeona wanawake wakijifungua njiani, nimeona askari waliorudi bila mguu wakicheza ngoma. Sijaona jambo lililomgharimu mtu kama lile lililomgharimu baba asubuhi ile. Alisimama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na chumba kilikuwa na baridi ya vilima. Midomo yake ilifunguka, ikajifunga. Mtu aliyeteremka mlima kwa sauti yake sasa aliitafuta sauti ile ile na hakuipata. Nilijua anachokivua pale mbele ya meza. Alikuwa anamvua babu, anavua ua wa zamani, anavua kila kitu kilichomfundisha kwamba mtu wa heshima huonekana bila kujionyesha.

"Naomba," akasema.

Neno lilitoka dogo. Akalirudia.

"Naomba, Ndugu Meneja. Kwa mdomo wangu. Naomba niwe dereva wa kudumu, nipate pensheni. Pasaka natimiza arobaini na mitano. Ikipita, nimekosa. Jana sikukuhonga. Jana nilikuwa naomba kwa namna ya kwetu."

Meneja akaegemea kiti.

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Jumapili zote zile barazani kwangu, ulikuwa unasubiri hilo?"

"Nilikuwa nasubiri unione."

"Mzee wangu." Meneja alijishika kichwa. "Nina madereva, nina makuli, nina vita, nina matairi ambayo hayapo. Nitakuonaje? Hapa mtu asiposema, hayupo. Ungesema siku ile ile nilipokupa funguo, ningekuandika siku ile ile." Akamwita karani, akamwambia aandike barua makao makuu leo, asingoje kesho. Kisha akazisukuma funguo zikarudi upande wa baba. "Wakikubali, na sioni kwa nini wakatae, utakula pensheni mpaka Mungu akuite."

Nilidhani baba atapiga magoti. Hakupiga. Alibaki amesimama, ameshika funguo, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeonyeshwa mlango mahali alipojua pana ukuta.

"Nimshukuru nani?" akauliza.

"Vipi?"

"Anayenigabia. Si wewe, umesema unaandikia makao makuu. Ni nani? Nijue mlango wake."

"Hakuna mtu, mzee. Ni mfuko. Wewe unaweka kidogo, shirika linaweka. Ukistaafu, watakaokuwa kazini siku hizo ndio watakaoendelea kuujaza."

"Wananijua?"

"Watakujuaje? Wengine wako shule. Wengine hawajazaliwa."

Baba alilifikiria hilo. Alilifikiria pale ofisini, akalifikiria njia nzima, na mama alipomuuliza jioni kama ameshukuru, alisema angeshukuru kama angejua watu watakaomlisha wako tumbo la nani. Mama akaona ndio wazimu wenyewe umefika. Mimi nilimwona baba akitazama bonde lote, moshi wa kila jiko, kila nyumba ya mstari ule wa ujamaa, kama mtu aliyeambiwa kwamba katika mojawapo amefichiwa mtamba.

Majibu ya makao makuu yalikuja kabla ya Kwaresima kwisha. Alikubaliwa.

Baada ya likizo ya Pasaka alinirudisha shuleni kwa lori lile lile, utingo akiwa pembeni yangu, akilalamikia mahindi ya kuchoma aliyonunua. Vita vilikuwa vinaelekea ukingoni na barabara imeanza kupumua. Upande wa Biharamulo tukakuta watoto wa shule ya msingi wametapakaa barabarani na majembe yao, wanatoka shamba la shule. Madereva wote hupiga honi mahali pale. Baba akapunguza mwendo, akasimamisha lori kabisa, akazima injini. Watoto wakapita mmoja mmoja, wakipiga kelele, "Shikamoo! Shikamoo!"

"Marahaba, wanangu. Hamjambo? Mmelima vizuri? Poleni na kazi." Alimjibu kila mmoja, kofia ikiwa mkononi.

"Mzee," utingo akasema, "jua linakwenda. Umemvulia nani kofia?"

"Mmoja wao ndiye atakayenigabia. Sijui yupi."

Utingo akatoa kichwa dirishani, akawakagua kwa makini, kama mtu mnadani. Akamwona kitoto kimoja kilichobaki nyuma, kaptula imepasuka, makamasi yameteremka hadi mdomoni.

"Kama ni yule, mzee," akasema, "umekwisha."

Baba akafungua mlango, akashuka ngazi ya lori kwa magoti yake yaliyoanza kukakamaa, akachuchumaa katikati ya barabara, akamfuta yule mtoto pua kwa kona ya shati lake.